Joto la chumba, chumba cha nani?

Maelekezo ya biskuti yalisema siagi itolewe kwenye friji na iachwe mpaka ifikie joto la chumba. Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza ya jikoni, nikatoka kwenda kuanika nguo. Niliporudi, karatasi ya siagi ilikuwa imelala ndani ya kidimbwi cha mafuta ya manjano, na sisimizi walikuwa wamekwishapata habari. Ilikuwa Ramadhani ya 2025, katikati ya Machi, saa kumi na nusu. Sisi twakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya mwisho, chini ya zege linalopigwa na jua kutwa nzima. Upepo wa kaskazi ulikuwa umechoka, lile joto la mwisho wa msimu ambalo hata pazia halitikisiki.

Mtu mwenye akili angeirudisha ile siagi kwenye friji na kungoja kesho. Mimi nilikuwa na saumu, nimetoka kazini, na nimekwishaahidi kwamba Idi hii nyumba yangu itakuwa na biskuti za aina mpya. Nikamwaga mafuta yale kwenye sukari nikapiga. Nikatia unga. Ukawa mlaini kama wa kaimati. Nikaongeza unga, nikaongeza tena, mpaka ukakamatana kwa kulazimishwa. Nikauviringisha ukawa kama mwiko mnene, nikautia kwenye friji nusu saa badala ya saa mbili kwa sababu magharibi ilikuwa yakaribia, nikakata, nikaoka.

Zilitambaa. Zile duara zangu ziligusana, zikashikana, trei nzima ikawa biskuti moja yenye mawimbi. Shangazi alikuwa amekuja kufuturu kwetu, akachungulia jikoni, akaniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, hii ni biskuti ama ni ramani?” Watoto waliivunjavunja wakaila na chai. Ladha haikuwa mbaya, ila ilikuwa ngumu kutafuna kwa sababu ya ule unga wote niliouongeza.

Biskuti zenyewe, kwa asiyezijua, ni rahisi kuzieleza. Unachanganya unga, unauviringisha uwe mche mrefu wa duara, unaufunga, unauweka kwenye friji mpaka ushikane kabisa, kisha unaukata vipande vyembamba na kuvioka. Hakuna kusukuma kwa kifimbo, hakuna kukata kwa mdomo wa glasi na kukusanya mabaki, hakuna ile mashine ya kubana unga inayoteguka kila Idi. Wamarekani walikuwa wakizifanya tangu enzi za makabati ya barafu, kabla friji za umeme hazijaenea majumbani. Kilichonivutia mimi ni kwamba kazi inagawanyika: leo unga, kesho moto. Mtu anayefundisha hadi saa kumi na kurudi nyumbani kupika futari hana siku ya kuitoa nzima kwa biskuti.

Ila maelekezo karibu yote ya biskuti hizi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na “joto la chumba” ni la chumba chao. Siagi hupigika vizuri na sukari ikiwa nyuzi 18 hadi 20, laini lakini bado ina uzito wake. Hapo ndipo inaposhika hewa. Ikifika nyuzi 32 hadi 35 imekwishayeyuka, na iliyoyeyuka haishiki kitu, itaukimbia unga mara tu trei ikiingia kwenye oveni. Mombasa mwezi wa Machi, mchana ni nyuzi 32 au 33. Alfajiri yenyewe ni kama 25. Maana yake ni kwamba jikoni mwangu, msimu ule, hapakuwa na saa hata moja kati ya ishirini na nne iliyokuwa “joto la chumba”. Nilikuwa nafuata amri isiyowezekana.

Siku hizi naanza baada ya sala ya alfajiri. Siagi ikitoka kwenye friji naikata vipande vidogo kama sukari guru iliyokatwa kwa ajili ya chai, na baada ya dakika 10 naigusa. Kidole kikizama na kuacha shimo safi, ni tayari. Kidole kikitoka kinang'aa mafuta, nimechelewa, narudisha bakuli zima kwenye friji. Bakuli lenyewe pia hulala ndani ya friji usiku. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, asubuhi zikiwa nyuzi 21 au 22, siagi hiyo hiyo huchukua nusu saa na hunifanya nijione fundi. Kaskazi hunirudisha darasani.

Kipimo changu, baada ya kukosea sana, kimetulia hapa: siagi gramu 250, ile ya pakiti ya karatasi, sukari laini ya unga gramu 125, kiini cha yai kimoja, unga wa ngano wa kawaida gramu 350, si ule uliotiwa hamira ya unga tayari, chumvi nusu kijiko cha chai, na hiliki ya kutwanga kijiko kimoja cha chai. Arki ya vanila ukipenda. Mimi sipendi, naona inaifunika hiliki. Hiliki hununua Marikiti ikiwa na maganda yake ya kijani na kuitwanga siku hiyo hiyo, maana iliyotwangwa dukani imeshapoteza nusu ya roho. Majarini laini ya kupaka mkate nilijaribu mara moja ili kupunguza gharama. Ina maji mengi na haigandi ikawa ngumu hata ikilala friji siku mbili. Kisu kiliikata kama kinakata ndizi iliyoiva.

Unga ukishashikana naugawa mara mbili, na kila fungu naliviringisha juu ya karatasi mpaka liwe nene kama sentimita nne na nusu na refu kama shibiri. Hapo hutoka vipande hamsini na kitu, ukikata kwa unene wa milimita saba.

Mara ya pili nilipofanya, mama alikuwepo. Mama yangu ni wa vileja, vile vya unga wa mchele na samli, na vileja vyake vina jina mpaka Kibokoni. Alifungua friji kutafuta maji ya kufungulia, akaiona ile miche miwili imelala sambamba, imefungwa nailoni. Akaifunga friji. Akaifungua tena.

“Wafanya nini na sabuni kwenye friji?”

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya. Usije ukafulia.” Tangu siku hiyo kwetu jina lake ni miche ya sabuni, na kusema kweli amenisaidia. Nilikumbuka yule mwenye duka wa utotoni mwetu alivyokuwa akikata mche wa sabuni kwa waya mwembamba, anaubana, anauvuta, kipande kinaanguka kimenyooka bila kuumia. Kisu kinene hubonyeza unga kwa juu kabla hakijaukata, ndiyo maana duara zangu za mwanzo zilikuwa na umbo la yai. Sasa ninatumia kisu chembamba chenye makali, na kila baada ya vipande vitatu vinne naugeuza mche robo mzunguko, ili mbonyeo usikae upande mmoja. Siku unga ukiwa laini kidogo natumia uzi wa kushonea. Naupitisha chini, navusha ncha mbili juu, navuta.

Miche ile ya mara ya pili, hata hivyo, iliniaibisha kwa njia ambayo sikuitegemea. Ramadhani kwetu, kama kwa watu wengi hapa, friji hujaa thomu, yaani kitunguu saumu, na tangawizi za kusaga za mwezi mzima, kwenye mkebe ambao kifuniko chake kilishapinda zamani. Miche yangu ililala usiku kucha karibu na mkebe huo, imefungwa nailoni tabaka moja. Siagi hunywa harufu kama pamba inywavyo maji. Biskuti zilitoka nzuri ajabu, duara kamili, kingo za rangi ya dhahabu, nikazipeleka kwa jirani kwenye sahani yenye maua. Jirani akauma, akatafuna polepole, akauliza kama ni za viungo. Nilipofika nyumbani nikaonja. Biskuti za thomu na hiliki. Mume wangu alisema zingefaa na mchuzi wa mbaazi, na sikumjibu.

Sasa hufunga nailoni mara mbili, kisha mche naingiza ndani ya mfuko wa kufunga mdomo, na thomu imehamia kwenye chupa ya kioo. Na kwa kuwa mche ukilala kwenye waya wa friji ungali laini hupata tumbo bapa lenye mistari, huupitisha ndani ya lile bomba la karatasi gumu linalobaki tishu za jikoni zikiisha, nimelipasua urefu wake. Glasi ndefu pia hufaa, lakini glasi zangu ndefu zina kazi nyingine wakati wa futari.

Kuhusu korosho sina mengi. Zisage au zikatekate ndogo ndogo. Nilizitia nusu nusu nikiona fahari, kisu kikawa kinagota kwenye kila korosho na kuipasua biskuti. Ukitaka zionekane, pakaza mche ute wa yai kwa nje na uuviringishe juu ya korosho zilizokatwakatwa au ufuta kabla ya kuukata. Kila kipande kitatoka na ushanga wake.

Usiku wa kuamkia Idi ndio nataka kuukalia kidogo.

Nilikuwa na miche minne kwenye friza, imegandishwa wiki nzima, na mpango wangu ulikuwa kuoka baada ya isha ili asubuhi zikutwe bado zina harufu. Saa mbili na nusu stima ikapotea. Tukangoja. Mtaa mzima ulikuwa giza, watoto wanapiga kelele za furaha huko chini kwa sababu mwezi umeandama, na mimi nimesimama mbele ya oveni ya umeme kama mtu aliyesimama mbele ya duka lililofungwa. Miche yenyewe sikuihofia sana. Friza iliyojaa, usipoifungua, hukaa na ubaridi wake kama siku mbili, na yangu ilikuwa imeshindiliwa nyama ya sikukuu. Friji ya kawaida ndiyo huanza kulegea baada ya saa nne. Tatizo langu lilikuwa moto.

Mama alikuwa ameketi barazani anajipepea. Akauliza, “Hivyo vyako si vya kuokwa tu? Hapana kufinyanga, hapana nini?” Nikamwambia ni kukata na kuoka. “Basi niletee sufuria kubwa, na seredani.”

Nimemwona mama akioka kwa makaa maisha yangu yote, lakini sikuwahi kutazama. Alimwaga mchanga mkavu chini ya sufuria, kama vidole viwili, akaufunika kwa kibati. Akaiweka juu ya seredani ikiwa tupu, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Nikataka kuingiza biskuti mara moja. Akanizuia. Alingoja mpaka mchanga ukashika moto, nikadhani kama robo saa, kisha akaondoa karibu nusu ya makaa ya chini na kuyapandisha juu. “Chini kidogo, juu mengi. Kitu chenye sukari na mafuta kikipata moto wa chini, kimeungua kabla hujasema bismillahi.” Alifunua kifuniko, akasogeza kiganja mdomoni mwa sufuria bila kugusa, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nikakata kwa mwanga wa simu. Miche iliyotoka kwenye friza ni migumu, ukiikata papo hapo inapasuka kama chaki, kwa hivyo niliiacha mezani dakika tano. Machi ilitosha, joto lile lile lililoniharibia siagi sasa lilifanya kazi yangu haraka. Katika sahani ya bati viliingia vipande kumi na viwili. Hapo nikaona uzuri wa namna hii ya kuoka ambao kwenye oveni sikuuona: kumi na viwili vikiwa motoni, vingine vyote vilikuwa bado baridi ndani ya mche, havilegei, havichakai, vinangoja zamu. Unga wa kusukuma ungekuwa umeshayeyuka mezani. Tulioka mikupuo kumi. Nilihesabu kwa sababu mama alinitaka nihesabu.

Mkupuo wa kwanza uliungua upande mmoja, palipokuwa na kaa kubwa. Wa pili ulikuwa mweupe. Kuanzia wa tatu mama alikuwa ameijua, dakika 12 au 13, bila saa. Alinusa. Akisema “fungua”, nikifungua, kingo zilikuwa zimeiva na katikati bado pamefifia, ndivyo inavyotakiwa, maana biskuti huendelea kukauka ikishatoka. Kwenye oveni yangu, nyuzi 175, ni dakika 11 hadi 13 vile vile. Stima ilirudi saa saba usiku, taa zote zikawaka kwa pamoja, na mama akasema zizimwe zinamtia joto.

Biskuti zile zilikuwa na harufu ya moshi kidogo sana. Watu wa nyumbani bado wanazitaja, na oveni haijawahi kuzipata.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni unyevu. Biskuti inayokaa wiki mbili ikivunjika kwa mlio huko ugenini, hapa kwetu, ikiachwa sahanini toka asubuhi, jioni imelegea kama mkate wa jana. Hewa ya bahari haina huruma. Zipoe kabisa kwanza, maana ukizifunika za moto zitajitolea jasho zenyewe, kisha mkebe unaobana. Zikilegea, dakika tano kwenye oveni huzirudisha. Lakini nimejifunza kuoka kidogo kidogo, na hapa ndipo mche unapolipa. Hukaa kwenye friji siku tatu, kwenye friza miezi miwili bila kubadilika. Mtu akibisha hodi, namkaribisha, naweka chai, nakata vipande nane. Chai ikichemka na kutiwa tangawizi, ziko tayari. Mgeni hudhani nimehangaika tangu asubuhi, na mimi simkatazi kudhani.

Watoto huvidokoa vibichi. Nawafukuza, kwa ajili ya yai na unga ambao haujapata moto, lakini mche wa karibu na mlango wa friza huwa na alama za meno kila Jumamosi.

Mwaka jana, kusi ikiwa imepamba, nilipata wazo la kumfurahisha mama. Nilichukua kipimo chake cha vileja, unga wa mchele, samli, sukari, yai na hiliki, nikakifanya mche. Kwenye friji uligandamana vizuri, mweupe, mzito, nikaushangilia. Kisu kilipogusa, ukamomonyoka. Nikangoja ulainike kidogo, ukamomonyoka zaidi. Unga wa mchele hauna ule unato wa ngano unaoshika vitu pamoja, na samli ni mafuta matupu, haina hata yale maji machache ya siagi. Hushikwa na kiganja tu, kimoja kimoja, ndivyo kinavyotaka. Mama alichukua chembe moja mezani, akaionja ikiwa mbichi, yeye aliyetukataza sote, akasema samli ni nzuri.

“Huu utupe,” akasema.

Nusu ya mche ule bado uko kwenye friza, nyuma ya nyama, umefungwa nailoni mara mbili. Nafikiria kuongeza kijiko cha maziwa. Au robo ya unga wa ngano, bila kumwambia.